Kompyuta ikizimika katikati ya gemu, angalia kwanza inavyozimika

Mtu akiingia dukani kwangu hapa Langoni, mjini Lamu, na boksi la kompyuta begani, maneno ya kwanza huwa ni yale yale: "Inazimika nikicheza gemu." Hayo hayatoshi. Nitakuuliza mambo manne. Ilipozimika, skrini nayo ilipoteza taa, au ilibaki ikiandika kwamba haipati picha? Feni ya dari iliendelea kuzunguka? Boksi lilijiwasha lenyewe, au lilikaa kimya mpaka ukabonyeza kitufe? Na ulikuwa umecheza dakika ngapi?

Wengi hawana majibu, wala siwalaumu, macho yao yalikuwa kwenye gemu. Lakini majibu hayo ndiyo yanayoamua kama utatumia pesa ya brashi au pesa ya kadi mpya. Nimeshaona kadi ya michoro ikiagizwa Nairobi, ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikafungwa mchana, na usiku ule ule kompyuta ikazimika kama jana. Ugonjwa ulikuwa kwenye ekstensheni. Iliniuma sana, kwa sababu kijana mwenyewe alijinyima miezi kadhaa kuinunua.

Kwa hivyo kabla ya kushika bisibisi, shika daftari. Cheza kama kawaida mpaka izimike mara tatu, na kila mara andika saa uliyoanza, saa iliyozimika, gemu gani, ulikuwa wapi ndani ya gemu, na yale mambo manne. Katika maelezo yanayofuata, nikisema boksi nina maana ya lile sanduku zima ambalo wengi wetu huliita sipiyu. Nikisema prosesa nina maana ya kile kipande cha ndani kinachofanya hesabu. Nikisema kadi nina maana ya kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu.

Vyote vinazimika pamoja

Kama skrini, spika na boksi vimekufa sekunde moja, iache kompyuta kwanza. Skrini ina njia yake ya umeme. Prosesa ikichemka haiwezi kuizimia skrini taa yake. Kilichokata ni kitu kinachovilisha vyote.

Mara nyingi kitu hicho ni UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia kompyuta stima ikikatika. UPS ndogo iliyoandikwa 650 VA haitoi wati 650. Nyingi za ukubwa huo hutoa wati 360 hadi 390. Ukiandika barua, boksi na skrini vinakula wati mia hivi na UPS inatulia. Ukifungua gemu kwenye boksi lenye kadi kubwa, matumizi yanapanda mara tatu au zaidi, UPS inapiga mlio mmoja mrefu, inakata. Kuna pia UPS ambayo betri yake imechoka. Stima ikipepesa kidogo inatakiwa kuhamia kwenye betri, na betri haiwezi kubeba mzigo wa gemu hata kwa nusu sekunde. Kompyuta isiyo na kazi nzito huvuka mpepeso huo bila wewe kujua, ndiyo maana watu husema "inazimika kwa gemu tu" na kulaumu gemu.

Kuijua ni rahisi. Siku ambayo stima imetulia, chomeka boksi ukutani moja kwa moja, skrini iache kwenye UPS, kisha cheza. Ikiacha kuzimika, tafuta betri mpya ya UPS au UPS kubwa zaidi. Wenye sola na inveta ndogo hesabu yao ni hiyo hiyo: soma wati zilizoandikwa kwenye inveta, si VA.

Baada ya nusu saa ya gemu, gusa plagi na soketi. Vuguvugu si neno. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe mkono, au plastiki pembeni mwa pini imegeuka kahawia, pini zimelegea na umeme unapita kwa shida. Hapo usingoje kesho, mwite fundi wa umeme abadilishe soketi. Nyumba zetu zina dari za boriti za mikoko na vipaa vya makuti, na moto ukianza mahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kupita kichochoroni, si jambo la kuliachia bahati.

Halafu kuna volti. Stima ya Kenya inatakiwa kuwa volti 240. Baada ya magharibi, kila nyumba ikiwa na feni, jokofu na pasi, inaweza kushuka chini ya hapo. Pawa saplai (kile kisanduku cha ndani ya boksi kinachogawa umeme kwa vipande vyote) inayokubali volti 100 hadi 240 haijali sana. Ile ya bei nafuu yenye kiswichi chekundu mgongoni, cha kuchagua 115 au 230, hukosa pumzi mapema. Kama daftari lako linaonyesha mchana unacheza saa nne bila tatizo na baada ya isha haifiki nusu saa, pima volti za soketi kwa mita wakati gemu inaendelea. Ukipima kompyuta ikiwa imelala utadanganyika.

Gemu inakwamakwama, feni zinavuma, kisha kimya

Hili ndilo joto, na kila mtu hulitaja la kwanza. Mara nyingi wanakuwa sahihi, lakini si mara nyingi kama wanavyodhani.

Joto hupiga hodi kabla ya kuingia. Prosesa ikipata moto haikimbilii kuzimika. Kwanza inapunguza mwendo wake ili ipoe. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha digrii 100 hivi, na za AMD Ryzen za mfululizo wa 7000 kikomo chake ni 95. Zikifika hapo ndipo picha huanza kukwama, mchezaji anakimbia kisha anaruka hatua tatu mbele, feni zinavuma kama boti ya injini. Kuzimika ni kinga ya mwisho, pale ambapo kupunguza mwendo hakujasaidia. Kwa hivyo joto lina muda wake: dakika kumi, ishirini, arobaini. Na ukiiwasha tena papo hapo ukaendelea kucheza, inazimika mapema kuliko mara ya kwanza, maana ilikuwa haijapoa. Dalili hiyo naiamini kuliko nyingine zote za joto. Ukiandika dakika 25, kisha 9, kisha 6, umeshanijibu.

Thibitisha kwa namba. HWiNFO ni programu ya bure. Iambie iandike vipimo kwenye faili wakati unacheza. Kompyuta ikizimika, iwashe, fungua faili, soma mistari ya mwisho. Ikiwa prosesa ilikuwa 99, fuata joto. Ikiwa ilikuwa 68 na kadi ya michoro 70, weka brashi chini. Utasafisha mpaka uchoke na haitapona, ugonjwa uko kwingine.

Kijana mmoja wa Mkomani alinijia mwaka uliopita na namba zake zimeandikwa vizuri. "Ami, nimebadilisha pesti mara mbili. Bado inafika 98." (Pesti ni ile krimu ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa.) Nikamwambia, "Twende nyumbani kwenu, mwanangu, nikaone inapokaa." Ni nyumba ya mawe, kuta zake unene wa dhiraa. Boksi lake lilikuwa lile dogo la ofisini, nalo limeingizwa ndani ya kidaka, limekaa humo sawasawa kana kwamba fundi wa nyumba alilipima. Mgongo wake uligusa chokaa. Niliingiza mkono pembeni: hewa ya moto iliyotoka nyuma ilikuwa inagonga ukuta, inazunguka ubavuni, na kuvutwa tena ndani kwa mbele. Kompyuta ilikuwa inavuta pumzi yake yenyewe. Kwenye chokaa, pale penye tundu la feni, palikuwa na alama ya vumbi jeusi ya duara, kubwa kama sahani ya kikombe. Tuliitoa tukaiweka mezani, shubiri mbili kutoka ukutani. Gemu ile ile, saa ile ile ya usiku, prosesa ikakaa kwenye 80 na kidogo. Vidaka vilijengwa kuwekea kaure na vitabu. Kitu kinachopumua hakikai humo, wala ndani ya kabati la mbao lenye mlango, wala chini ya meza iliyofunikwa kitambaa mpaka sakafuni.

Mahali pakiwa sawa, ndipo ufungue. Vumbi letu si jepesi. Limechanganyika na chokaa inayopukutika ukutani na chumvi ya hewani, na chumvi hunyonya unyevu, kwa hivyo linaganda. Blowa peke yake hutoa la juu tu. Tumia brashi laini kavu kwanza, kisha blowa, na uifanyie kazi hiyo uani. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Ikizungushwa kwa kasi na upepo inaweza kuharibika. Angalia hasa kati ya feni na mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachokaa juu ya prosesa kuipoza. Hapo hujikusanya tabaka kama kipande cha blanketi, na ukiangalia feni kwa juu huwezi kuliona. Lazima uing'oe feni. Kitambaa chenye maji usikikaribishe.

Pesti iliyokauka inakuwa kama unga mgumu. Ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti, iache ikauke, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, ubane. Na hapo hapo hakikisha hitisinki imekaa. Zile za Intel zinazoshikwa na vigingi vinne vya plastiki ndizo zenye taabu kwetu. Boksi limesafiri kwa basi, limeshushwa gatini, limepakiwa mkokotenini au juu ya punda, limetikiswa mpaka kigingi kimoja kimechomoka. Hitisinki inainuka upande mmoja kidogo sana, na kompyuta inawaka vizuri mpaka siku ya gemu. Vibonyeze vyote vinne, kimoja kimoja, usikie kikiitika.

Jambo moja kuhusu majira. Kompyuta iliyovumilia kusi yote ikaanza kuzimika Januari huenda haijaharibika kitu. Wakati wa kaskazi chumba kinaongezeka joto, na kila digrii inayoongezeka chumbani inaongezeka ndani ya boksi pia. Ilikuwa inakaribia ukingoni tangu Julai, kaskazi imeisukuma tu. Isafishe, ipe nafasi, na punguza fremu za gemu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, mpaka 60.

Inakatika ghafla, bila kukwama, pale mchezo unapokolea

Hakuna dalili ya kutangulia. Picha ni laini, feni ziko kawaida, unaingia uwanjani au mlipuko unatokea, na boksi linakufa kama mtu kang'oa waya. Skrini inabaki na taa yake. Wakati mwingine hutokea sekunde ya thelathini, wakati mwingine dakika ya tisini, bila mpangilio. Mara nyingi kitufe hakifanyi kazi mpaka uzime swichi ya nyuma au uchomoe waya, usubiri sekunde chache, ndipo iwake. Kukataa huko kuwaka ni pawa saplai iliyojifunga kujilinda, na ukikuona usitafute mbali.

Kadi ya michoro haili umeme kwa utulivu. Wati zilizoandikwa kwenye karatasi yake ni wastani. Kwa vipande vidogo vya sekunde inaruka juu zaidi. RTX 3080 imeandikwa wati 320, na NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya 750, kwa sababu mashine nzima inahitaji nafasi ya kupumua. Tatizo la miruko hiyo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kanuni mpya ya pawa saplai, ATX 3.0 ya mwaka 2022, inazitaka zile zenye plagi mpya ya kadi kubwa zivumilie hadi mara mbili ya uwezo wake kwa kipande kidogo mno cha sekunde. Za zamani hazikujengwa hivyo.

Lakini wengi wetu hatuna RTX 3080. Tulicho nacho ni boksi la ofisini lililotumika, tumeliongezea kadi. Chukua Dell OptiPlex 7010: pawa saplai ya boksi lake la mnara ni wati 275, na ya boksi dogo ni 240. Mtu ananunua RX 580, ambayo peke yake ni wati 185, anaifunga humo. Ondoa 185 kwenye 275, inabaki 90 ya prosesa, diski, ram (kumbukumbu ya kazi) na feni zote. Kwa filamu na mtandao itaenda mwaka mzima. Kwa gemu haivuki kipindi cha kwanza. Kwa boksi kama hilo mimi humwambia mteja waziwazi: tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1650 ya wati 75 inayokula kwenye tundu lake tu, au ubadilishe boksi. Njia ya katikati sijaiona ikidumu.

Njia ya katikati inayouzwa ni adapta. Boksi halina plagi ya pini sita ya kadi, kwa hivyo unauziwa kiwaya kinachotoka kwenye plagi ya diski ya SATA. Plagi hiyo ya diski kwenye njia ya volti 12 imekusudiwa kubeba ampea 4.5, yaani wati 54. Ile ya pini sita inatarajiwa kutoa 75. Nilifungua boksi moja, harufu ikanifikia kabla ya kuona kitu, ile ya plastiki iliyoungua polepole. Plagi nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa upande wa waya wa manjano, tundu moja limeyeyuka likaziba nusu. Niliivuta, ikabaki mkononi ikiwa vipande viwili. Kompyuta hiyo ilikuwa imelazwa juu ya zulia, karibu na pazia. Ukiwa nayo adapta ya namna hiyo, itoe leo.

Jaribio la pawa saplai halihitaji pesa. Weka programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha kadi mpaka asilimia 70, na ndani ya gemu funga fremu kwenye 60. Cheza. Ikiwa sasa haizimiki, na faili lako la HWiNFO limeshaonyesha kwamba joto halikuwa tatizo, pawa saplai ndiyo imeelemewa. Ukitaka uhakika zaidi, iweke mzigo prosesa peke yake kwa Prime95, dakika kumi. Kisha kadi peke yake kwa FurMark, dakika kumi, ukitazama joto. Halafu zote mbili kwa pamoja. Kila moja peke yake inapita, zote mbili pamoja zinaanguka: hakuna cha kujadili tena. Ukiwa na mita, pima waya wa manjano na mweusi kwenye plagi ya pini nne isiyotumika wakati wa mzigo. Inatakiwa iwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo ni mbaya. Ikibaki sawa, bado usiisafishie jina, kwa sababu mita haioni miruko mifupi.

Unaponunua pawa saplai, acha namba kubwa iliyochapishwa ubavuni. Tafuta kwenye lebo ampea za volti 12, uzidishe kwa 12. Iliyoandikwa "500W" huku njia ya volti 12 ni ampea 18 inakupa wati 216 za prosesa na kadi, basi. Ishike mkononi pia. Nyepesi kama sanduku tupu mara nyingi ina kidogo ndani. Na hiyo uliyoitoa usiifungue. Kapasita zake, vile vimkebe vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme wa volti mia kadhaa hata baada ya kuchomolewa.

Wengine hunishangaa wakisema inazimika kwenye menyu, kabla hata ya mchezo. Inawezekana kabisa. Menyu ni picha nyepesi, na isipofungwa kadi huichora mara mia kadhaa kwa sekunde, ikila umeme kuliko vitani. Mwaka 2021, kwenye majaribio ya gemu ya New World, baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa wachezaji wakiwa menyuni. Funga fremu kwenye draiva yenyewe, ile programu inayoiendesha kadi, ili menyu nayo ifungwe.

Chumvi

Hii nimeiwekea nafasi yake kwa sababu maelezo yanayoandikwa Ulaya na Marekani huipita. Hapa tunaishi juu ya maji. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe kwa kunyonya unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, na nyumba zilizo mbele ya bahari, kuanzia Shela hadi Matondoni, hufika hapo bila taabu. Ndani ya boksi inakaa kwenye shaba na kwenye pini, inaleta kutu ya kijani au weupe wa unga. Pini yenye kutu hupitisha umeme mdogo vizuri. Mzigo wa gemu ukija, pale kwenye kutu panapata moto na volti zinashuka, kompyuta inakatika. Dalili zake zinafanana kabisa na za pawa saplai iliyochoka, na ndiyo sababu pawa saplai nzuri hutupwa.

Kwa hivyo kabla ya kuihukumu, zima, chomoa waya, subiri, kisha ng'oa kila plagi: ile kubwa ya pini 24, ile ya prosesa karibu na ukingo wa madabodi (ile bodi kubwa inayobeba vipande vyote), zile za kadi. Ziangalie kwa tochi. Zichomeke na kuzichomoa mara tatu nne, hiyo peke yake husugua kutu nyembamba. Toa kadi ya michoro na ram, safisha meno yake kwa spiriti na kitambaa laini. Mafundi wengi hutumia raba ya shule. Inafanya kazi ikitumika kwa mkono mwepesi, ilimradi ufute unga wake wote. Ukirudisha kadi, ibonyeze mpaka kile kishikio kilie, na uifunge skrubu yake. Kadi nzito iliyosafiri ikiwa imefungwa ndani ya boksi huinama ikatoka kidogo kwenye tundu lake. Mashine ikisafirishwa tena, itoe kadi uifunge peke yake kwa nguo.

Ukiwa humo ndani, tazama kapasita za madabodi zilizozunguka prosesa. Vichwa vyake viwe bapa. Kilichovimba au kilichotoa maji ya kahawia kimekwisha, na madabodi hiyo itazimika kwa mzigo hata ukiibadilishia kila kitu kingine.

Laptopu

Laptopu ya gemu iliyokuja na chaja ya wati 180 haiwezi kuishi kwa chaja ya 90 ya kuazima, hata kama tundu linaingia. Wati zinazokosekana zinavutwa kwenye betri, betri inashuka huku chaja imechomekwa, na ikiwa betri yenyewe imechoka laptopu inakata. Fungua kidirisha cha amri, andika powercfg /batteryreport, na ulinganishe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ukiwa umebaki nusu au chini, usiitegemee kwa gemu. Usichezee juu ya godoro wala busati, matundu yako chini. Iinue kwa vitabu viwili nyuma. Mengine ya joto ni yale yale ya juu, ila kuifungua kunataka mkono uliozoea.

Inajiwasha tena, au inatoa skrini ya buluu

Ikijiwasha yenyewe, huenda Windows ilianguka na kuficha sababu. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, ondoa alama kwenye Automatically restart. Ikitokea tena, skrini ya buluu itabaki, piga picha maandishi yake. Hapo sababu huwa ni draiva ya kadi, ram, au prosesa na ram zilizoongezwa kasi. Rudisha mipangilio ya kiwandani ya bayosi, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, weka draiva upya baada ya kuondoa ya zamani, na acha MemTest86 ipime ram usiku kucha.

Fungua pia Event Viewer, upande wa System. Utaona Kernel-Power namba 41, na watu huniletea picha yake wakiwa na hofu. Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu, hilo ulishalijua. Ile ya 86 ndiyo yenye habari: mashine ilizimwa kwa sababu ya joto. Ya 1074 inasema programu au mtu aliiamuru izimike, kwa mfano sasisho la Windows. Ukiona WHEA-Logger kabla ya kuanguka, ni vifaa vyenyewe vinalalamika, anza na prosesa, ram na kadi.

Ukiwa umefanya haya na bado inazimika, iliyobaki ni kubadilisha vipande vya mtu mwingine vinavyojulikana ni vizima, kimoja kwa wakati, kuanzia pawa saplai, kisha ram, kisha kadi, madabodi mwisho. Ukileta kwangu au kwa fundi mwingine yeyote, usilete boksi peke yake. Leta na waya wake wa umeme, chaja kama ni laptopu, UPS na ekstensheni unayoitumia nyumbani, na lile daftari.